Bidoni chini ya kapo: namna moteri zenye zimekwisha zinauzwa Butembo

Inatosha kufungua kapo ya gari chache mu parki yoyote ya muji wa Butembo. Kitu kiko pale kando ya batri, kimefungwa na waya ao na kipande cha shamburea: ni chupa ya maji, ao bidoni ndogo ya mafuta ya kupikia, wakati mwingine mukebe wa maziwa ya unga. Tiyo moja nyeusi inatoka juu ya moteri na kuingia ndani yake. Chini ya chupa kuna kitu chenye kufanana na kahawa yenye wametia maziwa. Shofere akiulizwa, anajibu bila wasiwasi kwamba ni ya kukamata mafuta, fundi ndiye aliweka. Kisha anafunga kapo na kuendelea kuita wasafiri wa Beni.

Jibu lake ni la kweli nusu. Kopo la kukamata mafuta, wengine wanaliita rekuperateri, ni kifaa chenye kinajulikana, kina kazi yake, na kwa moteri fulani kinaleta faida kubwa. Lakini kile chenye kinafungwa mu garaji nyingi za Butembo na Beni si hicho. Ni cha kuficha. Kinaficha ugonjwa wa moteri ili gari iuzwe, ao ili mwenyewe asilipe matengenezo leo. Mwenye atalipa ni yule mwenye atainunua kisha, pamoja na wasafiri wenye wanapanda ndani, na mama mwenye anachota maji chini ya muteremuko.

Ili kuelewa udanganyifu uko wapi, lazima kwanza kujua ile tiyo inafanya nini.

Kila mara mazutu ao esanse inapowaka juu ya pistoni, sehemu ndogo ya gesi inapenya kando ya segima, zile pete za chuma zenye zinazunguka pistoni, na kushuka mu karteri mwenye mafuta yanakaa. Hata moteri mupya kabisa inafanya hivyo. Gesi hiyo ikikosa njia ya kutoka, inajaza karteri na kusukuma mafuta yatokee popote penye uzaifu. Kwa hiyo watengenezaji waliweka mahali pa kupumulia, pale mafundi wetu wanaita reniflari. Gesi inapanda, inatoka kupitia kifuniko cha juu ya moteri, inapita mu tiyo, na inarudi mu njia ya hewa kisha filitre ili iwake mara ya pili. Shida ni kwamba haiendi peke yake. Inabeba matone madogo sana ya mafuta, mvuke wa maji, na masizi.

Mu moteri ya kizamani yenye haina turbo, kama 3L ao 5L ya Hiace, matone hayo hayaleti hasara kubwa ikiwa segima ziko nzima. Lakini mu moteri ya turbo, mufano 1KZ ya Prado ao 1KD ya Hilux, yanapita mu turbo na kupaka ukuta wote wa njia ya hewa. Mu 1KD, tena, kuna vali ya EGR yenye inarudisha sehemu ya moshi ndani ya moteri. Masizi ya moshi yanakutana na mafuta, na mwisho wake ni kitu kama lami. Fundi mwenye amekwisha kufungua kolekteri ya moteri ya namna hiyo anajua: tundu lenye kidole gumba kingeingia bila shida, linabaki kama tundu la kalamu.

Hapo ndipo kopo la kweli linakuwa na maana. Linawekwa katikati ya ile tiyo. Gesi inaingia upande mumoja, inagonga kuta za ndani ao inapita mu nyuzi za chuma, inapoa kidogo, mafuta na maji vinashikamana na kuanguka chini, na gesi yenye imesafishwa inatoka upande mwingine na kuendelea na safari yake mu moteri. Ona neno hilo: kuendelea. Kopo la kweli lina milango mbili na halina dirisha. Chupa ya Butembo ina mulango mumoja, na shingo yake iko wazi kwa upepo.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, kumbe ndiyo kila kitu. Zamani, gari nyingi za dunia zilikuwa na tiyo yenye ilishuka tu chini ya moteri na kumwaga ile gesi mu barabara. Mwaka wa 1961, jimbo la California, mu Marekani, liliamuru gari mupya zirudishe gesi hiyo ndani ya moteri, kwa sababu hewa ya miji yake, kuanzia Los Angeles, ilikuwa imefikia kuchoma macho ya watu. Zaidi ya miaka 60 kisha, fundi wa Butembo anakata tiyo yenye Toyota iliweka, na kurudisha gari mu miaka ya 1950. Na kwa kazi hiyo anaomba pesa.

Sasa, kwa nini mutu anakata tiyo yenye haikumufanyia neno?

Segima zikichoka, gesi yenye inashuka mu karteri inaongezeka mara nyingi. Inabeba mafuta mengi zaidi, mafuta yanaingia mu njia ya hewa, yanawaka, na eshapema inatoa moshi wa bluu. Kila mununuzi wa Butembo, hata mwenye hajawahi kushika ufunguo wa kumi na tatu, anajua kuogopa moshi wa bluu. Basi tiyo inatolewa mu njia ya hewa na kuelekezwa mu chupa. Mafuta yenye yalikuwa yanapita kwa reniflari na kuwaka hayawaki tena, yanakusanyika mu chupa. Moshi unapungua siku ileile. Gari yenye jana ilifanya watu wa Furu wazibe pua, leo asubuhi inapumua kama mutoto mwenye amelala. Inaoshwa, viti vinapakwa mafuta yenye kungaa, bei inatajwa.

Segima hazijatengenezwa. Silinda bado imekwanguka. Moteri bado inakula mafuta kama jana, tofauti ni kwamba sasa inayatapikia mu chupa. Na siku ya kuonyesha gari, chupa yenyewe inaweza kuondolewa. Tiyo inapitishwa chini, kati ya chasi na moteri, na mununuzi hataona kitu isipokuwa alale chini mu vumbi.

Wenye kununua ni nani? Wengi si matajiri wa jengo za ghorofa. Ni mutu mwenye alikopa mu MUSO, ao aliuza kakao yake ya Beni, ao aliungana na shemeji yake ili wapate Noah ya kufanya taxi ao Hiace ya kubeba viazi na vitunguu kutoka Lubero. Gari hizo za okazio zilikwisha kufanya kazi miaka mingi Japani mbele ya kuingia mu meli, kushuka Mombasa, kupita Kampala na kuvuka Kasindi. Namba za kilometa zenye zinaonekana mbele ya usukani zinaweza kurudishwa nyuma kwa dakika chache. Kitu kimoja tu hakidanganyi, ni pumzi ya moteri. Na ndicho kitu chenye chupa inafunga kinywa.

Mafundi wana majibu yao, na ni haki kuyasikiliza.

Wanasema kwanza kwamba kubadilisha segima ni kazi ya kufungua moteri nzima, kwamba piesi nzuri zinatoka mbali, kwamba tangu Kanyabayonga ilianguka mikononi mwa M23 mwezi wa 6 mwaka wa 2024 njia ya Goma haihesabiki tena na kila kitu kinategemea upande wa Kasindi. Hiyo yote ni kweli. Lakini fundi mwenye anasema hivyo anakubali kwamba anajua ugonjwa. Munganga mwenye anajua kwamba mugonjwa ana malaria na anamupa tu dawa ya kichwa kwa sababu dawa ya malaria ni bei, angalau anapaswa kumuambia. Mu garaji hakuna mwenye anaambiwa. Hakuna karatasi yenye inaandikwa «segima zimechoka, tumeweka chupa kwa kungojea». Kama ingeandikwa, gari isingeuzwa kwa bei ile.

Wanasema pili kwamba ni wateja wenyewe wanaiomba. Hilo pia ni kweli, na hapo wenye gari hawawezi kunawa mikono. Mu muji huu kitu chenye jirani ameweka lazima kiwekwe. Kuna hata vijana wenye wanatumisha Kampala ao Dubai makopo ya aluminiumu yenye rangi nyekundu na bluu, yenye kungaa kuliko sahani za arusi, na wanayafunga mu Corolla yenye haina shida yoyote. Wauzaji wanawaahidi nguvu zaidi na esanse kidogo. Kopo la kukamata mafuta haliongezi nguvu hata ya farasi mumoja. Linachelewesha uchafu, basi. Na mengi ya hayo makopo ya bei ndogo, ukiyafungua, ndani ni matupu: hakuna ukuta, hakuna nyuzi, gesi inaingia na kutoka na mafuta yake yote kama mutu mwenye amepita mu nyumba bila kuvua viatu.

Jibu la tatu ndilo linasikika sana: afazali mafuta yaanguke mu chupa kuliko yaanguke mu barabara. Lakini Toyota haikuyapeleka mu barabara. Iliyapeleka mu moteri. Chaguo la chupa ao barabara lilianza siku yenye fundi alikata tiyo.

Kwa gari ndogo za esanse, Carina, Corolla, Ipsum, Noah, mambo yanachekesha kama hayangekuwa yanakula pesa za watu. Gari hizo zina vali ndogo kama kidole, PCV, yenye inapima gesi inayorudi. Kisha miaka inaziba na lami. Dawa yake: kuitoa, kuiosha na esanse, kuitikisa kando ya sikio. Ikilia taka-taka, iko muzima, inarudishwa. Isipolia, inatafutwa ingine. Ni kazi ya robo saa. Mu garaji nyingi vali inatupwa, tiyo inapelekwa mu chupa, na lile tundu lenye limebaki ku kolekteri linafungwa na bulo, ao linasahauliwa wazi. Likibaki wazi, moteri inavuta hewa yenye haikupimwa, ralanti inapanda na kushuka, gari inazimika ku ronpwe. Mwenyewe anarudi garaji. Anaambiwa ni bujia. Anabadilisha bujia. Anarudi tena. Anaambiwa ni pompe ya esanse.

Mambo yanageuka kuwa ya hatari wakati gari inatoka muji.

Chupa yenye imefungwa na shamburea inatikisika. Ikianguka juu ya kolekteri ya moto, plastiki inayeyuka na mafuta yanamwagika juu ya chuma chenye kinaweza kuyawasha. Tiyo laini yenye walikata ku tiyo ya maji haikutengenezwa kwa mafuta wala kwa joto. Inalegea, inajikunja, inajifunga yenyewe. Pumzi ya moteri ikizibwa, karteri inajaa. Kijiti cha kupimia mafuta kinaruka. Ao mupira wa spi wenye uko nyuma ya moteri unaachia, mafuta yanaingia ku ambrayaji, na gari yenye imebeba watu kumi na sita na magunia juu inaanza kuteleza katikati ya mupando. Shofere anakanyaga, moteri inalia, magurudumu hayasikii. Watu wengi wamekwisha kuishi jambo hilo mu milima ya Lubero na waliambiwa kwamba ni ambrayaji mbovu. Wengine waliuziwa ambrayaji mupya, ikachafuka juma lenye kufuata.

Ubaya mukubwa zaidi unakuja na wale wenye waliweka kopo la milango mbili, la kweli, lakini wakasahau kulimwaga. Kopo likijaa, moteri ya mazutu yenye turbo inaweza kunywa yale mafuta yote mara moja. Mafuta ya moteri yanawaka sawa na mazutu. Moteri inapanda yenyewe, inapiga makelele, na kuzima kontakti hakusaidii neno, kwa sababu haitumii tena mazutu ya pompe: inajikula yenyewe. Kwa gari ya vitesi vya mukono, njia ni kutia kitesi cha juu, kukanyaga frени kwa nguvu na kuachilia ambrayaji ili moteri ikufe. Ao kuziba mulango wa hewa na ubao, hata siku moja na kiganja cha mukono. Kati ya washofere wenye wanabeba watu kila siku kati ya Butembo na Beni, kilometa 54, ni wangapi walifundishwa hilo siku yenye kopo liliwekwa?

Na mu eneo hili, gari yenye inakufa njiani si gari tu. Ku barabara ya Beni, Eringeti, Luna mupaka Komanda, gari zimepita kwa misafara yenye kulindwa na jeshi kwa sababu ya mashambulizi ya ADF, na mwezi wa 9 mwaka wa 2021 musafara wenyewe ulishambuliwa mu Irumu. Mu musafara, gari yenye inazimika inachelewesha zote zenye ziko nyuma, ao inaachwa. Wenye kusafiri njia hizo wanajua nini maana ya kuachwa. Mutu mwenye aliuza Fuso yenye moteri yake alijua kwamba imekwisha, na akaifunga bidoni ili isitoe moshi siku ya soko, alijua pia kwamba mununuzi ataipeleka kule. Mu mambo ya biashara ya Butembo, muji wenye unajisifu juu ya neno la mufanyabiashara, hilo lilipaswa kuitwa kwa jina lake: wizi.

Kisha kuna swali lenye hakuna mwenye anauliza mu garaji: chupa ikijaa, inamwagwa wapi?

Inamwagwa mahali mafuta yote ya vidanji yanamwagwa. Si yote yanapotea. Mafuta machafu yana wateja wake. Wapasua mbao wanayatia ku munyororo wa mashine, wajenzi wanapaka nayo miti ili muchwa isile. Lakini yale ya chupa yana maji ndani, yamekuwa uji, hakuna mwenye anayataka. Yanaenda mu mufereji. Na mvua ya Butembo haichelewi kuosha mifereji. Muji uko juu ya vilima, maji yote yanashuka mu mabonde, na chini kabisa kuna Kimemi, muto wenye unapita katikati ya muji, pale watu wanafua, wanaosha pikipiki, wanaosha mboga mbele ya kupanda soko. Mu muji ambako nyumba nyingi bado zinategemea visima na vyanzo vya maji, kitu chenye kinamwagwa juu kinakunywewa chini.

Shirika la serikali ya Marekani lenye linalinda mazingira, EPA, linahesabu kwamba mafuta ya vidanji moja tu ya gari yanaweza kuharibu galoni milioni 1 za maji safi, ni kusema karibu lita milioni 3,8. Ni kweli, chupa moja ya reniflari ni ndogo kando ya vidanji nzima. Mwenye kusema kwamba Kimemi imechafuka kwa sababu ya chupa peke yake angekuwa anazidisha. Lakini vidanji inafanywa kila baada ya kilometa elfu kazaa. Moteri yenye segima zimekufa inajaza chupa kila juma, na inamwagwa popote gari imesimama: ku parki, ku soko, mbele ya shule.

Sheria haikosi. Katiba ya Kongo, mu kifungu cha 53, inampa kila mutu haki ya mazingira yenye afya, na inamupa pia kazi ya kuyalinda. Sheria namba 11/009 ya tarehe 9 mwezi wa 7 mwaka wa 2011 inaweka kanuni za kulinda mazingira mu inchi nzima. Wenye kusimamisha gari ku barabara wanaomba karatasi, wanaomba asiransi, wanaomba kizima-moto. Kufungua kapo kungechukua dakika moja.

Wengine watasema kwamba haya yote ni maneno ya watu wenye pesa, kwamba Butembo haiko Japani. Basi tuache Japani. Mafundi wa kuchoma vyuma wa Butembo wanatengeneza mashine za kusaga muhogo, milango ya maduka, matangi ya maji, sanduku za Fuso. Kopo la kukamata mafuta ni kazi ndogo kuliko zote hizo. Ni bomba la chuma lenye kufungwa huku na huku. Tundu mbili juu, moja ya kuingilia yenye inashuka ndani kidogo, ingine ya kutokea yenye inabaki juu. Kipande cha bati lenye matundu katikati, na nyuzi za chuma zenye kushikwa vizuri zisije zikavutwa mu turbo. Robine ndogo chini ya kumwagia. Tiyo ya kweli ya mafuta, yenye unene wa tiyo ya zamani na si nyembamba zaidi, yenye inashuka kutoka moteri mupaka ku kopo bila kufanya tumbo mahali maji yanaweza kulala. Kopo likae mbali na eshapema, lifungwe na bulo ku bodi, si na shamburea. Na upande wa pili urudi kule Toyota iliutaka urudi. Kisha shofere aambiwe: fungua robine kila juma, na asubuhi za baridi za Butembo, pale mvuke unageuka maji haraka, angalia zaidi.

Lakini mbele ya kopo lolote, kipimo. Hakiombi hata franka moja. Moteri ipate joto, iachwe kuzunguka polepole, kifuniko cha kutilia mafuta kifunguliwe na kuwekwa juu ya tundu lake kikiwa kimegeuzwa. Kikitetemeka kidogo, moteri inapumua kama kawaida. Kikirushwa, na moshi ukifuata kama wa jiko, hakuna kopo lenye litasaidia. Ile ni kazi ya segima, na bei ya gari inapaswa kushuka kwa bei ya kazi hiyo. Garaji yenye ina kipimo cha kompresio ikitumie mbele ya macho ya mununuzi, silinda kwa silinda, na iandike hesabu ku karatasi pamoja na jina la garaji.

Chama cha washofere, ACCO, kiko mu parki kila siku. Kingeweza kuanza na jambo moja: gari ya kubeba watu isipate zamu ya kupakia ikiwa reniflari yake inaning'inia mu chupa ao mu hewa. Komini nne za muji, Bulengera, Kimemi, Mususa na Vulamba, zinajua garaji ziko wapi kwa sababu zinazitoza kodi; zinaweza kuomba kila moja iweke pipa moja la mafuta machafu lenye kufunikwa, na kuonyesha mahali linaenda likijaa. Chuo Kikuu cha Katoliki cha Graben kina watu wenye wanaweza kuchota maji ya Kimemi, juu ya muji na chini ya muji, na kusema ni mafuta kiasi gani yanaongezeka katikati.

Na mununuzi, mbele ya kutoa pesa za MUSO, apige magoti. Aangalie chini ya gari kama kuna tiyo yenye inashuka bila kuwa na mahali inaenda. Aangalie kando ya batri kama kuna alama ya waya yenye ilitolewa asubuhi, mahali pakavu pa muviringo katikati ya mafuta na vumbi. Aombe kifuniko kifunguliwe moteri ikizunguka. Muuzaji akianza kusema kwamba hana muda, kwamba kuna mununuzi mwingine kutoka Beni mwenye anafika saa nane, amuache huyo wa Beni afike.